RTC, duka ambalo wazee bado wanalililia

Boom halijaingia, kwa hiyo leo tuongelee bei.

Mnakumbuka Januari 2024 sukari ilivyotutoa jasho mpaka serikali ikatangaza bei elekezi? Kila mangi alikuwa na bei yake. Nikienda kwa bibi Igogo nakutana na wimbo mmoja tu: enzi za RTC haya hayakuwepo. Sisi wa juzi RTC tunaijua kama herufi tatu tu, basi nikaamua kuchimba.

Stori inaanza Februari 1967. Baada ya Azimio la Arusha serikali ilitaifisha makampuni makubwa ya biashara ya nje, yakawekwa chini ya shirika moja, STC. Likawa dude zito mno kuliendesha kutoka Dar. Mwaka 1973 likavunjwa, kila mkoa ukapata kampuni yake ya biashara, ndiyo RTC. Mwaka huohuo ikaja Tume ya Bei, na hapo ndipo penye utamu. Sufuria, khanga, sabuni, sukari, bei ilipangwa na serikali, muuzaji haruhusiwi kuongeza hata senti. Nani asingelipenda duka la namna hiyo?

Ila (wazee hawapendi sehemu hii) bei ya kwenye karatasi haizalishi sabuni. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe, ya kijiji yachukue nafasi. Mengi yalifungwa kabla mapya hayajakaa sawa, serikali yenyewe ikalegeza kamba. 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. 1978 Idi Amin akavamia Kagera, hapo ng'ambo ya ziwa letu. Vita tulishinda lakini hazina ilibaki nyeupe.

Ndipo likaja duka la kaya. Unaandikishwa na idadi ya watu nyumbani kwako, unasubiri mgao. Bibi anasema walikuwa wanapanga mawe kwenye foleni tangu usiku, kila jiwe na mwenyewe. Ukifika dirishani unaambiwa imeisha. Na huu ni mji wa Mwatex jamani! Pamba inalimwa Usukumani, kiwanda cha nguo kipo hapahapa mjini, halafu mtu apate khanga kwa kujuana.

Bei ikiwa chini na mali hakuna, mali hutokea mlango wa nyuma. 1983 Sokoine, akiwa Waziri Mkuu, akawashukia walanguzi na wahujumu uchumi. Watu wakaogopa kukutwa hata na katoni ya sabuni, bibi anadai wengine walizitupa ziwani usiku. (Sangara wa mwaka ule lazima walikuwa wasafi.)

Mwaka uliofuata bajeti ya Msuya ikaruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa, bila kuulizwa sana kazipata wapi. 1985 akaingia Mwinyi, Mzee Ruksa. Mitumba ikajaa, na RTC ikajikuta inashindana na watu wanaobadili bei asubuhi na jioni. Miaka ya 1990 mashirika ya umma yakauzwa au kufilisiwa, RTC nazo zikafa moja moja, mkoa kwa mkoa.

Mimi naona bibi halilii bidhaa, maana mara nyingi hazikuwepo. Analilia kutoka nyumbani akijua bei, na kujua kwamba mke wa bosi naye kaandikiwa bei ileile. Kwamba mke wa bosi hapangi foleni, hilo analisema kwa sauti ndogo.

Nilimuuliza siku RTC inafungwa alikuwa wapi. Hakumbuki kabisa! Anachokumbuka ni siku aliponunua miche mitatu ya sabuni bila jiwe wala foleni, kwa jamaa ambaye zamani alikuwa anajificha na sasa ana duka lenye kibao. Akatajiwa bei, akalipa, akaondoka huku analaani.

Haya, kipindi cha saa nane kinaniita.