Ukuta wa Mita 25

Kazi za darasani nimeziweka pembeni leo, maana kuna ubishi umeniganda tangu juzi barazani hapa Darajani. Mmoja kauliza: sisi watu wa kisiwa, maji kulia maji kushoto, mbona hatusikiki kwenye kuogelea Olimpiki? Mwengine akamjibu papo hapo: mabwawa ya mazoezi mafupi, ya mita 25, na mbio zenyewe ni za mita 50, basi kwisha habari. Watu wote wakatikisa vichwa. Mimi nikasema hebu kwanza, historia ya jambo hili inasemaje?

Tuanze na hayo mabwawa. Msidhani mita 50 ilishuka kutoka mbinguni. Olimpiki ya kwanza, Athens 1896, watu waliogelea baharini, ghuba ya Zea, na Alfréd Hajós wa Hungary akashinda mita 100 kwa 1:22.2. Mwaka 1900 wakaingia mto Seine, Paris. London 1908 wakachimba bwawa la mita 100 ndani ya uwanja wa riadha. Ni Paris tena, 1924, ndipo Olimpiki ilipopata bwawa la mita 50 lenye kamba za kutenganisha njia kama tunavyoliona leo. Kumbe bwawa refu lenyewe ni mtoto tu.

Na muda wote huo watu walikuwa wakiweka rekodi za dunia kwenye mabwawa mafupi, zikikubaliwa! FINA waliamka mwaka 1957, wakasema kuanzia sasa rekodi ya dunia ni ya bwawa refu peke yake. Waliokuwa wakijidai na rekodi za mabwawa mafupi basi tena. Hadi 1991 ndipo bwawa la mita 25 likapewa daftari lake la rekodi, mbali na lile refu.

Kwa nini wakatenganisha? Jibu ni ukuta, jamani. Kila unapofika ukutani unageuka, unausukuma kwa miguu miwili, unaondoka kama mshale, na kasi ile ni kubwa kuliko ya mikono yako. Mikono nayo inapumzika kidogo. Mita 100 kwenye bwawa fupi unageuka mara 3, kwenye refu mara 1. Mita 1500 ni mara 59 kwa 29. Sheria inakuruhusu kukaa chini ya maji hadi mita 15 baada ya kusukuma, kwa hiyo kwenye bwawa la mita 25 mtu mwenye mapafu anaweza kwenda zaidi ya nusu ya njia bila kutoa mkono juu! Tazameni saa zenyewe: Kyle Chalmers wa Australia aliogelea mita 100 mtindo huru kwa sekunde 44.84 mwaka 2021, bwawa fupi. Pan Zhanle wa China, Paris 2024, bwawa refu, alivunja rekodi ya dunia kwa 46.40. Sekunde moja na nusu hiyo, sehemu kubwa ni ya ukuta.

Sasa njooni kwetu. Kwa miaka mingi mashindano makubwa ya Dar yamekuwa yakifanyika kwenye mabwawa ya skuli za kimataifa, mita 25. Halafu mtu huyo huyo anapelekwa Olimpiki kuogelea mita 50 mtindo huru, kama Magdalena Moshi Rio 2016, au Hilal Hilal huko huko Rio. Mbio hizo kwenye bwawa refu hazina ukuta hata mmoja. Mwili umezoea kwamba baada ya mita 25 kuna kitu cha kusukuma, unafika pale katikati, hakuna kitu, maji matupu, na safari ndo kwanza nusu. Watu wanakaa kwenye televisheni wanacheka "kashika mkia". Wangejaribu wao.

Mfano wa mwisho kabisa wa habari hii ni Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta, Sydney, 19 Septemba 2000. Alijifunza kwenye bwawa dogo la hoteli pale Malabo. Bwawa la mita 50 aliliona kwa mara ya kwanza huko huko Sydney. Wenzake wawili wa mchujo wake walitolewa kwa kuanza kabla ya wakati, akaogelea peke yake mita 100, akamaliza kwa 1:52.72. Mita 50 za kwanza alikwenda vizuri tu. Alipogeuka ndipo ilipokuwa kazi.

Lakini hapa ndipo ninapoachana na yule bwana wa barazani. Jason Dunford, mtoto wa Nairobi, alisoma Stanford, Marekani. Mashindano ya vyuo vya huko kwa kawaida huogelewa kwenye bwawa la yadi 25, yaani mita 22.86. Fupi kuliko hata hilo la Dar! Na bado Beijing 2008, mita 100 kipepeo, Dunford aliweka rekodi ya Olimpiki kwenye mchujo, 51.14. Haikukaa sana, maana Milorad Čavić wa Serbia aliivunja jioni ile ile, lakini iliwekwa na Mkenya. Fainali akawa wa 5. Kirsty Coventry wa Zimbabwe naye alipita njia hiyo hiyo ya yadi, chuo cha Auburn, akachukua dhahabu ya mita 200 chali Athens 2004 na akarudia Beijing 2008.

Tofauti iko kwenye mazoezi. Kocha anayejua kazi anakufundisha kugeuka kabla hujafika ukutani, usiguse, uanze upya kwa mikono yako. Au anakufunga mpira kiunoni, ncha ya pili ukutani, unaogelea pale pale mpaka uombe msamaha. Hata bwawa la hoteli linatosha kwa hilo. Na majira ya joto wale wa Marekani wanahamia bwawa refu, miezi mizima, kabla ya mbio zenyewe. Sisi mtu analiona siku chache kabla ya mchujo.

Hapa petu pana kichekesho chake. Darajani limeitwa hivyo kwa sababu palikuwa na daraja kweli, juu ya hori ya bahari iliyotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo, na hori ikafukiwa zama za Mwingereza. Watoto wa mtaani kwetu wanatembea hadi Forodhani kuchupa. Hawa hawajui ukuta ni kitu gani! Wanakata maji hadi kwenye mashua iliyotia nanga, mawimbi usoni, na kurudi. Kugeuka hawajui, kuchupa kwa kichwa ndiyo wenyewe. Mimi ningelipa nauli yangu ya boti nione mmoja wao anapangwa na hodari wa bwawa la mita 25, mita 50 moja kwa moja, kocha kashika saa.

Haya, mabishano yaendelee. Tukijaaliwa, wiki ijayo.