Barua za Tsvetaeva kwa Pasternak: Zilizopotea na Zilizofungiwa

Urafiki wa washairi wawili wa Kirusi, Boris Pasternak na Marina Tsvetaeva, uliishi karibu wote ndani ya barua, kwani tangu Juni 1922, Pasternak alipomwandikia mwenzake kwa mara ya kwanza baada ya kuisoma diwani yake, hadi katikati ya miaka ya 1930, mmoja alikuwa kwa sehemu kubwa Moscow na mwingine uhamishoni, kwanza Berlin, kisha katika vijiji vya jirani na Prague, na mwishowe Paris na viunga vyake. Anayetaka kuuandikia historia urafiki huo hana budi kuanza na swali la barua zenyewe: zipi zimesalia, zimesalia kwa umbo gani, na nani aliyeamua zisomwe lini.

Kilele cha mawasiliano hayo kilikuwa mwaka 1926, alipoingia mtu wa tatu, Rainer Maria Rilke, mshairi wa lugha ya Kijerumani aliyekuwa akiugua nchini Uswisi, ambaye baba yake Pasternak, mchoraji Leonid Pasternak, alifahamiana naye tangu 1899. Kwa kuwa Uswisi na Umoja wa Kisovieti hazikuwa na uhusiano wa kibalozi, Pasternak alimwomba Rilke apitishe jibu lake Ufaransa, kwa Tsvetaeva; na hivyo aliyeombwa kuwa tarishi akageuka mwandikiwa, akapelekewa vitabu na barua zake mwenyewe, na kwa muda Pasternak akabaki pembeni ya mazungumzo aliyoyaanzisha. Rilke alifariki tarehe 29 Desemba mwaka huohuo bila kukutana na Tsvetaeva, naye Tsvetaeva akataka barua hizo zisichapishwe kabla ya miaka 50 kupita. Kitabu kilichokusanya barua za wote watatu kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1983. Pasternak alipofariki mwaka 1960, ndani ya pochi yake ilikutwa bahasha iliyoandikwa kuwa ina kitu cha thamani kuliko vyote, na humo mlikuwa na barua ya Rilke.

Barua za Tsvetaeva hazikuwa na bahati hiyo. Katika kumbukumbu alizoziandika miaka ya 1950, Pasternak anaeleza kwamba wakati wa vita alimkabidhi mfanyakazi mmoja wa jumba la makumbusho la mtunzi wa muziki Scriabin, jijini Moscow, barua zake za thamani, zikiwemo za wazazi wake na za waandishi Gorky na Rolland. Bibi huyo aliziweka nyingine zote katika kasha la chuma, ila za Tsvetaeva hakuliamini hata kasha hilo kuzitunza. Akawa anazichukua kila jioni kwenda nazo nyumbani kwake nje ya mji, na kila asubuhi kuzirudisha, mpaka siku moja, akiwa amechoka, akaliacha sanduku dogo lenye barua hizo katika behewa la treni. Za wengine, zilizoachwa kasheni, zilisalimika.

Kilichookoa sehemu ya hazina hiyo ni tabia ya Tsvetaeva ya kuandika kwanza rasimu, yaani andiko la awali linalofanyiwa marekebisho kabla ya kunakiliwa kwa safi, katika madaftari yaleyale alimotungia mashairi, pamoja na nakala chache za barua halisi alizokuwa amezinakili mshairi Aleksei Kruchonykh. Madaftari hayo yamo katika hifadhi ya taifa ya nyaraka za fasihi na sanaa mjini Moscow, ijulikanayo kwa ufupisho wa RGALI. Binti wa Tsvetaeva, Ariadna Efron, aliyepitia kambi za kazi ngumu na uhamisho wa Siberia, na ambaye katika miaka hiyo Pasternak alimsaidia kwa barua na fedha, aliagiza kabla ya kifo chake mwaka 1975 kwamba nyaraka za mama yake zifungwe hadi mwaka 2000. Watafiti walilalamika, lakini uamuzi huo unaeleweka, kwa kuwa wengi waliotajwa humo walikuwa bado hai.

Mwaka 2004 ndipo mawasiliano ya wawili hao yalipochapishwa katika kitabu kimoja, kilichotayarishwa na Elena Korkina na Irina Shevelenko. Msomaji wa kitabu hicho anapaswa kukumbuka kwamba rasimu si barua, kwa sababu huonyesha alichokusudia mwandishi, wala haithibitishi kwamba maneno hayo ndiyo yaliyomfikia Pasternak, hasa kwa mwandishi kama Tsvetaeva aliyekuwa akikata na kuongeza hadi dakika ya mwisho. Tahadhari hiyo ina uzito zaidi kwa mwaka 1935, walipokutana Paris kwenye kongamano la waandishi wa kupinga ufashisti, Pasternak akiwa mgonjwa na mwenye hofu, na mkutano uliosubiriwa kwa miaka 13 ukawavunja moyo wote wawili. Tsvetaeva alirejea Umoja wa Kisovieti mwaka 1939. Agosti 1941 Pasternak alimsindikiza hadi bandari ya mtoni alikopanda meli kuwakimbia Wajerumani, na kabla mwezi huo haujaisha Tsvetaeva alijiua katika mji mdogo wa Yelabuga.