Kurudisha mugonjwa kutoka inchi ya kigeni: mambo ya kupanga mbele ya safari

Kila siku wakaaji wa Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri wanavuka mupaka. Wengine wanaenda Kampala kutafuta bidhaa, wengine Kigali ao Bujumbura kuona jamaa, wengine wanafika hadi Nairobi, Dubai ao India. Katikati yao kuko wanaopata ajali ya pikipiki, wanaoshikwa na kiharusi, ao wanaolazwa na malaria kali mbali na kwao. Simu ikifika kwa jamaa, wazo la kwanza ni lile lile: "Tumulete nyumbani."

Wazo hilo linaeleweka. Nyumbani kuko watu wa kumulinda na kumupikia, na luga anayoisikia. Lakini njia inaweza kumaliza mugonjwa ambaye kitanda kingemuponya. Kurudisha mugonjwa ni sehemu ya matibabu, na kunapangwa kama matibabu.

Mwili wake unaweza safari?

Jibu linatoka kwa munganga anayemutibu kule, si kwa jamaa walio kwenye simu. Mutu anayetoka damu, anayepumua kwa shida ao aliyepoteza fahamu anapaswa kutulizwa kwanza. Aliyeumia shingo ao uti wa mugongo hakalishwe kwenye kiti cha taksi. Analazwa kwenye machela, shingo imefungwa isicheze. Kutoka Kampala hadi Mpondwe ni zaidi ya kilometa 400, na kutoka Kasindi hadi Beni zinabaki 80 zingine. Mufupa uliovunjika unasikia kila shimo la barabara.

Ndege nayo iko na shida zake. Hewa ya ndani inafanana na ile ya mulima wa mita 1800 hadi 2400, wakati Goma na Bukavu ziko karibu mita 1500. Mwenye mapafu dhaifu ao upungufu wa damu anaweza kukosa pumzi. Tena, hewa iliyofungika mwilini inapanuka huko juu; ndiyo maana aliyepasuliwa tumbo ao mwenye pafu lililotoboka anaambiwa angojee. Hata plasta ya mufupa, kama haijamaliza siku mbili, inaweza kubana mguu uliovimba. Mara nyingi wanaipasua kwanza.

Makampuni mengi ya ndege yanaomba fomu inayoitwa MEDIF, inayojazwa na munganga siku chache mbele ya safari. Mugonjwa wa machela anachukua fasi ya viti kadhaa, na vyote vinalipiwa. Oksijeni inaombwa mapema. Chupa ya kutoka nyumbani mara nyingi inakataliwa. Kuko pia ndege za wagonjwa zenye minganga ndani, kama za AMREF Flying Doctors kwenye uwanja wa Wilson, Nairobi, kazi iliyoanza 1957. Lakini bei yake si ya kila mufuko.

Inafaa kuuliza pia ndege itatua wapi. Vita ilipofika Goma mwisho wa Januari 2025, ndege za kawaida za abiria zilisimama pale, na wengi walipitia Kigali, kisha barabara hadi mupakani.

Nani anamungojea huku?

Makosa mengi yanafanyika hapa. Mugonjwa anafika usiku, na hospitali haina kitanda, haina damu ya kundi lake, ao haina munganga wa kupasua. Hospitali ya kule na ya huku zisemezane mbele gari haijawashwa. Kampala wanaandika Kiingereza, Bukavu na Bunia wanasoma Kifaransa: ripoti itafsiriwe, na majina ya dawa yaandikwe ya kisayansi, si ya pakiti. Picha za radio na matokeo ya maabara zisafiri pamoja na mugonjwa. Mupakani mara nyingi anahamishwa kutoka ambulansi moja hadi ingine, kwa hiyo ile ya pili iwe imefika. Saa za kufunga mupaka zinabadilika. Jamaa waulize siku ile ile.

Mufano wa Juni 2019

Wakati wa Ebola, familia moja ilitoka kwenye kilio Kongo na kuingia Uganda, upande wa Kasese. Mutoto mumoja akakutwa na ugonjwa na akafariki, wengine wakapimwa. Wizara za afya za inchi mbili zikapatana, na tarehe 13 Juni watu watano wa familia hiyo wakarudishwa Kongo kwa ukubali wao, pamoja na mutoto wa miaka 3 aliyekuwa mugonjwa. Sababu ilikuwa ya matibabu: tangu Novemba 2018 dawa ine za Ebola zilikuwa zinajaribiwa Kongo, na Beni ilikuwa kati ya fasi hizo. Agosti 2019 ikaonekana kwamba mbili, mAb114 na REGN-EB3, zinaokoa wengi zaidi. Kwa hiyo safari ile ilikuwa ya kumufikisha mutoto penye dawa.  Kuficha homa ili kupita mupaka kunaweza kuweka kijiji kizima hatarini.

Makaratasi na feza

Kama paspoti imepotea, ubalozi ao konsila ya Kongo inatoa karatasi ya kusafiria. Mukataba wa Vienna wa 1963 unaipa konsila kazi ya kusaidia raia wake, lakini kwa kawaida haimulipii hospitali. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano isisahauliwe. Kuhusu deni: mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba hospitali kufungia mugonjwa kwa sababu ya deni ni kinyume cha katiba. Deni linabaki, lakini jamaa wanaweza kuomba kulilipa kidogo kidogo kwa mapatano ya maandishi.

Aliyeenda Ulaya kwa viza ya Schengen iko na asiranse tayari: ni lazima, ya euro 30 000 kwenda juu, na inahesabu pia kurudishwa kwa sababu ya ugonjwa. Wengi wanaisahau ndani ya sanduku. Namba iliyo juu yake inapigwa kwanza, mbele ya kulipa chochote, kwani asiranse inaweza kukataa safari ambayo haikuipanga.

Mbele ya kutoka nyumbani

Musafiri anaacha kwa jamaa kopi ya paspoti na ya asiranse, majina ya dawa anazomeza, na namba ya mutu mumoja wa kule anakoenda. Anabeba kundi lake la damu limeandikwa. Karatasi moja mufukoni inatosha. Siku atakaposhindwa kusema, hiyo ndiyo itasema kwa ajili yake.