Land Rover ya 1948 haikuwa inaokoa dunia

Kampuni za magari siku hizi zinatuuzia alumini iliyorejelewa kama wazo jipya kabisa, ati inaokoa dunia. Wacha niwarudishe nyuma kidogo.

Uingereza, 1948. Vita vimeisha, chuma kinatolewa kwa mgao, lakini alumini ya kuunda ndege za vita imebaki tele. Rover wakachukua Birmabright, aloi ya alumini na magnesiamu, wakaundia bodi ya Land Rover. Hakuna aliyewaza mambo ya kaboni. Ilikuwa shida tu. Ndio maana Landi mzee fremu yake ya chuma inaliwa na kutu, na bodi bado iko.

Sasa ruka hadi 2015. Jaguar XE inaingia sokoni na aloi inaitwa RC5754, inayoweza kubeba hadi asilimia 75 ya alumini iliyorejelewa. Mbona ilichukua muda hivyo? Kuyeyusha si shida. Kurejelea alumini hutumia karibu asilimia 5 tu ya nishati ya kuitengeneza upya kutoka kwa madini.

Shida ni uchafu. Gari likisagwa, skrubu za chuma huingia ndani. Chuma kikishachanganyika na alumini iliyoyeyuka, kukitoa ni balaa. Ikipoa, hufanya vijisindano ndani, na bati linapasuka ukilikunja. Kwa hivyo miaka yote alumini chafu imekuwa ikiishia kwa bloki za injini. Ni kama shati ya harusi kugeuzwa tambara la kudeki.

Lakini gari la umeme halina bloki ya injini. Hiyo alumini chafu itaenda wapi?

Hata hizo aloi mpya, sehemu kubwa ya malighafi yake ilikuwa mabaki safi ya kiwandani, si magari yaliyokufa. Kupata alumini safi kutoka gari kuukuu, lazima mtu aitenganishe vizuri. Na hapa kwetu huyo mtu ni kijana wa mkokoteni. Januari 2022, milingoti ya stima ilipohujumiwa, serikali ilifunga biashara yote ya vyuma kuukuu kwa miezi kadhaa. Wezi na wachapakazi wakawekwa gunia moja.

Mimi naona hivi: anayejua kutofautisha alumini ya rimu na ya sufuria ana ujuzi, na hiyo kazi inafaa kupewa leseni, mafunzo na bei ya haki. Bado tunamwita chokora. Ama nyinyi mnaonaje?