Skwota: Neno la Kigeni kwa Mwenyeji

Asili ya neno skwota ni kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya kuchutama. Huko Marekani, mwishoni mwa karne ya 18, aliitwa hivyo mtu aliyekalia ardhi bila hati; Australia, katika karne ya 19, jina hilo hilo likapanda cheo likawa la wafugaji matajiri. Kenya lilipata maana ya tatu. Sheria ya 1918 ilimhesabu skwota kuwa Mwafrika mkazi wa shamba la mlowezi, aliyeruhusiwa kulima na kufuga kwa sharti la kumfanyia kazi mwenye shamba siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Huyo hakuwa mvamizi. Alikuwa mtu wa mkataba.

Katika Taita Taveta, ambako mkonge ulienea Voi, Mwatate na Taveta, na Hifadhi ya Tsavo ikameza sehemu kubwa ya nyanda tangu 1948, mkataba umesahaulika, shutuma imebaki. Skwota, wingi maskwota, ni yeyote aishiye kwenye ardhi yenye hati ya mwingine, hata kama kaburi la babu yake limo humo humo. Hati ndiyo iamuayo nani mgeni.

Ajabu ni kwamba Mzungu aliyepewa shamba aliitwa mlowezi, kutokana na kulowea, kitenzi cha Kiswahili. Mwenyeji akaachiwa neno la kukopa. Mkazi lingefaa zaidi. Hata hivyo wadai ardhi wenyewe hujiita maskwota, maana mipango ya serikali ya kugawa ardhi imewatambua kwa jina hilo.