Ramani ya Mulago, Hadubini ya London

Kusini tu mwa Hayes, mji wa magharibi mwa London, ndipo ulipo uwanja wa ndege wa Heathrow. Kuanzia mwaka 1961, vipande vya uvimbe wa saratani wa watoto wa Uganda vilisafirishwa kwa ndege hadi London, kwa Anthony Epstein wa Hospitali ya Middlesex. Desemba 1963 ukungu uliilazimisha ndege itue Manchester. Kipande kilipomfikia, maji yake yalikuwa yamechafuka kwa seli zilizojitenga, zingali hai. Katika seli hizo Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong waliona mwaka 1964 virusi vilivyokuja kuitwa Epstein-Barr.

Mzigo ule ulikutanisha namna mbili za kutafuta elimu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago jijini Kampala, aliuliza ugonjwa huo uko wapi. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walitoka Kampala kwa gari hadi Afrika Kusini, wakipita hospitali moja baada ya nyingine, wakachora ramani ya ugonjwa na kugundua kwamba nyanda za juu zenye baridi zimenusurika. London iliuliza ndani ya seli mna nini. Sikubali kwamba kazi ya Kampala ilikuwa utangulizi tu wa ile ya London: ramani ile ilikuwa hoja kamili.

Uvimbe huu huanzia katika seli B, seli za kinga. Seli B yenye afya haijiamulii kuzaana. Kipokezi chake CD40 husubiri kuguswa na seli T, seli nyingine ya kinga. Kikiguswa, protini hupokezana ishara hadi protini iitwayo NF-κB iingie kwenye kiini na kuwasha jeni. Virusi vya Epstein-Barr vina protini LMP1 inayoiga CD40, ila yenyewe haisubiri kuguswa. Cha ajabu, katika uvimbe wa Burkitt LMP1 kwa kawaida imezimwa. Humo, jeni MYC, inayosukuma seli kuzaana, imehama kromosomu ya 8, mara nyingi kwenda ya 14, ikakaa jirani na jeni za kingamwili, ambazo seli B huzitumikisha sana.

Kijana wa Hayes akiambukizwa virusi hivyo huenda akaugua koo na tezi kwa wiki kadhaa, kisha akapona. Mtoto wa Uganda huvipata mapema mno, aghalabu bila dalili. Lakini malaria ya mara kwa mara humchochea seli B na kuzidisha uwezekano wa jeni kukatika vibaya. Uvimbe wenyewe ni nadra Uingereza, na ukitokea huanzia zaidi tumboni kuliko kwenye taya. Wengi wa wagonjwa wa Uingereza hawana virusi ndani ya uvimbe wao. MYC, hata hivyo, imehama vilevile, ingawa kromosomu ya 14 huwa imekatikia mahali pengine.