Kutoka Kuhesabu hadi Kuwajibisha: Upimaji wa Muda wa Programu za Kompyuta, 1971–1982

Kuharakisha programu ya kompyuta kunahitaji kwanza kujua muda wake unatumika wapi. Insha hii inaonesha kwamba, kati ya mwaka 1971 na 1982, suala hilo liligawanyika katika maswali mawili: muda unatumika katika sehemu gani, na ni sehemu gani inayousababisha.

Swali la kwanza lilishughulikiwa na Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Mwaka 1971 alichapisha uchunguzi wa programu zilizoandikwa kwa lugha ya FORTRAN, baadhi zikiwa zimeokotwa katika ndoo za taka. Kwa kuhesabu ni mara ngapi kila amri ilitekelezwa, alibaini kuwa chini ya asilimia 4 ya programu kwa kawaida huchukua zaidi ya nusu ya muda wote. Hata programu iliyotumika kuhesabu ilipopimwa, zaidi ya nusu ya muda wake ilikutwa katika vitanzi viwili tu. Marekebisho machache yakaongeza kasi yake maradufu. Ikiwa hata chombo cha kupimia kilihitaji kupimwa, basi hisia za mwandishi wa programu hazikutosha kuwa mwongozo.

Hata hivyo, hesabu hiyo ilikuwa na mpaka. Programu kubwa zilipogawanywa katika sehemu nyingi ndogo zinazoitana, muda nao ulitawanyika, na hakuna sehemu moja iliyoonekana kuwa chanzo cha ucheleweshaji. Mwaka 1982, Susan Graham, Peter Kessler na Marshall Kirk McKusick wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliwasilisha zana iitwayo gprof. Zana hiyo iliuhamisha muda wa sehemu iliyoitwa na kuuweka katika hesabu ya sehemu iliyoiita.

Aidha, gprof iligawa muda huo kwa kufuata idadi ya miito, kana kwamba kila mwito una gharama sawa. Hivyo, sehemu iliyoita mara nyingi kwa kazi nyepesi ingeweza kubebeshwa mzigo wa ile iliyoita mara moja kwa kazi nzito.

Kwa jumla, historia hii inadhihirisha kuwa kipimo kiliondoa kubahatisha mahali muda unapotumika, lakini uamuzi kuhusu nani awajibike uliendelea kutegemea dhana za mpimaji.